Magadi Yalindayo Shamba la Maji

Wengi mmeniuliza kwa nini Chama chetu cha Sayansi kinafuga “uchafu wa kijani” katika mabeseni nyuma ya maabara. Napenda kuwaeleza, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Kile si uchafu, bali ni spirulina, bakteria wadogo sana wanaojipatia chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Nchini Chad, wanawake wa Kanem huichota ukingoni mwa maji ya magadi, wakaianika juu ya mchanga. Vipande vyake, viitwavyo dihe, hutiwa katika mchuzi.

Sasa, kwa nini magadi? Maji safi yana kipimo cha pH 7. Spirulina hustawi kwenye 9 hadi 10, ambapo viumbe vingi vya maji baridi hushindwa kuishi. Kwa hiyo magadi ni boma la shamba. Tena ni chakula, maana spirulina hupata humo kaboni yake. Na kadiri inavyoila, ndivyo pH inavyopanda. Boma linajijenga lenyewe! Lakini wako wadudu wachache waliozoea magadi, hivyo usafi wa mikono na vyombo hauachwi.

Kipimo kinachojulikana ni kama gramu 16 za magadi ya kupikia kwa lita moja, pamoja na mbolea kidogo. Mimi nilipewa fedha za chama ninunue magadi ya mabeseni mawili. Nikaona ni ghali; beseni la pili nikalitia robo tu, tena nikaliacha wazi mvuani. Baada ya majuma mawili nilitazama kwa hadubini. Katika beseni la kwanza niliona nyuzi zilizojisokota kama springi ya kitanda. Katika la pili niliona vidude vya mviringo na vijidudu vinavyoogelea. Ilinibidi kulimwaga lote mbele ya wenzangu. Niliona haya sana, kwani senti nilizookoa zilipoteza shilingi nyingi.

Ziwa Nakuru la Kenya nalo lilipatwa na jambo kama hilo. Lilipofurika katika miaka ya 2010, magadi yake yalizimuliwa, spirulina ikapungua, na heroe wengi walioila wakahamia maziwa mengine.

Basi, ndugu zangu, atakayelima shamba hili asipunguze magadi, na alifunike lisinyeshewe. Wala asionje cha beseni kabla wataalamu hawajakipima, kwani jamaa wengine wa bakteria hawa wana sumu.