Laptopu yako ina viti vinne, mbona unatumia kimoja?

Ukiingia kwa kinyozi hapa Ziwani Jumamosi jioni ukute vinyozi wanne na wateja wanane, huhitaji kuambiwa mambo yataendaje. Kila kiti kinapata mtu wake. Nywele zako hazingoji za jirani ziishe.

Basi mbona laptopu yako unaifanyisha kazi kama duka la kiti kimoja?

Kama unasomea uhandisi, takwimu au uchumi, hii unaijua. Projekti ni ya kesho, una hesabu 200, na kila moja inameza sekunde 30. Zikifuatana, hizo ni dakika 100. Stima ikipotea na betri imechoka, unaanza upya. Noma!

Prosesa za siku hizi, hata kwenye laptopu za mitumba, huwa na viini viwili, vinne au zaidi, na kila kiini kinaweza kupiga hesabu yake. Vikiwa vinne, dakika 100 zinakaribia 25. Hazifiki 25 kamili, kwa sababu kugawa kazi na kukusanya majibu pia kunakula muda.

Lakini jiulize kwanza: hesabu ya pili inahitaji jibu la ya kwanza? Ukikokotoa salio la mkopo mwezi kwa mwezi, la Machi linatokana na la Februari. Hapo foleni haikwepeki. Ukijaribu mkopo huo kwa viwango 200 vya riba, kila kiwango kinajitegemea. Gawa!

Hata watabiri wa mvua hufanya hivyo. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, huendesha utabiri wake mara 51, kila mmoja ukianza na tofauti ndogo. Hakuna unaongoja mwenzake. Majibu yakilinganishwa, ndipo unajulikana uwezekano wa mvua kubwa, na baada ya mafuriko ya 2024 pale Mathare, unajua uzito wa habari hiyo.

Sasa, kuna mtego. MATLAB ni ya kulipia, kwa hivyo wengi hutumia Octave, ambayo ni ya bure. Kwenye MATLAB yenye kifurushi cha kazi sambamba, unabadilisha "for" kuwa "parfor". Octave nayo hulikubali neno hilo, ila huliendesha kama "for" ya kawaida. Huoni kosa, na kasi pia huioni. Huko tafuta kifurushi kiitwacho "parallel", utumie amri ya "pararrayfun". Wa Python tayari mna "multiprocessing".

Kabla ya kurusha zote 200, jaribu nane: kwanza moja moja, kisha kwa pamoja. Linganisha muda, halafu majibu. Yakitofautiana, kuna hesabu inayomtegemea jirani. Yakilingana, uko fiti. Hifadhi kila jibu kwenye faili lake, ndiyo stima ikienda, isiende na usiku wako wote.