Kiporo na Sumu Isiyokufa kwa Moto

Leo tuzungumze juu ya kiporo, yaani chakula kilicholala.

Wengi wetu husema, "Nitakichemsha tena, viini vyote vife." Ni kweli, moto huua viini vingi. Lakini kuna viini ambavyo huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiki hata chakula kikitokota.

Chukua wali. Mchele huweza kuwa na mbegu ndogo mno za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kupikwa. Wali ukilala ndani ya sufuria jikoni, hasa sehemu za joto kama Mombasa au Kisumu, mbegu huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Asubuhi huenda wali usinuke wala kubadilika rangi. Mtoto akila, baada ya nusu saa hadi saa sita anaanza kutapika.

Bakteria mwingine, Staphylococcus, hukaa puani, kwenye ngozi, na zaidi kwenye vidonda na majipu. Naye huacha sumu isiyoogopa moto. Kwa hiyo ukiwa na kidonda kidoleni, usimpondee mtoto viazi kwa mkono huo. Kifunge vizuri, au mwachie mwingine apike.

Pika kinachotosha. Kikibaki, kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mwenye friji akitandaze kwanza kwenye sinia kipoe upesi, kwa maana wali uliojaa sufuria hubaki na joto katikati kwa muda mrefu. Najua nyumba nyingi hazina friji. Basi ni heri kumaliza jioni ile ile au kugawia jirani kikiwa bado moto. Na uji wa mtoto uliobaki vuguvugu kwenye chupa tangu alfajiri, umwage, hata kama unga ni ghali.

Mtoto akianza kutapika au kuhara, endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoeleza. Usikimbilie kununua antibiotiki dukani, kwani haziondoi sumu. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakididimia, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.