Jengo la maabara likilala wiki 11, anza na tangi la maji

Tunapozungumzia kurudi maabara baada ya kufungwa kwa sababu ya janga, mawazo yote yanakimbilia kwa watu. Barakoa, ndoo ya maji yenye koki na sabuni mlangoni, alama za mita moja sakafuni. Ni sawa, vina kazi yake. Lakini kuna mwenzetu ambaye hatumfikirii kabisa, naye ni jengo lenyewe. Sisi tulipokuwa nyumbani, jengo halikusimama. Maji yalikuwa yanachacha kwenye mabomba, kemikali zilikuwa zinabadilika kabatini, na chini ya sinki kulikuwa na maji yanayokauka kidogo kidogo.

Hapa Tanzania vyuo vilifungwa katikati ya Machi 2020 na kufunguliwa 1 Juni, karibu wiki 11. Wenzetu wa Kenya na Uganda walikaa muda mrefu zaidi. Na usifikiri hii ni habari ya corona peke yake. Likizo ndefu, mgomo, ukarabati, vyote hulaza jengo, na kinachotokea ndani ni kilekile.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo pana hatari ambayo wengi hawaijui. Maji ya bomba huja na klorini kidogo ndani yake, ndiyo inayozuia vijidudu visizaliane njiani. Klorini hiyo haidumu. Inaisha polepole kwa kukutana na kutu, uchafu na kuta za bomba, na joto linaharakisha mambo. Siku za kawaida hatuoni tatizo kwa sababu kila tukifungua bomba tunavuta maji mapya. Jengo likilala, maji ni yaleyale ya Machi. Ndani ya mabomba kuna utando wa bakteria, ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya chupa ya maji iliyokaa siku nyingi. Humo anaweza kuishi bakteria anayeitwa Legionella.

Jina lake lilitokana na mkutano wa maveterani wa Marekani, American Legion, uliofanyika hotelini Philadelphia mwaka 1976. Baadhi ya waliohudhuria waliugua homa kali ya mapafu, na 29 walifariki kabla ya wanasayansi kumpata bakteria mwenyewe miezi kadhaa baadaye. Humpati kwa kushikana mikono. Unampata kwa kuvuta ukungu wa maji: bafu la mvua, bomba linalotema kwa nguvu, mnara wa kupozea hewa wa jengo kubwa.

Sasa tazama joto. Legionella huzaliana vizuri kati ya nyuzi joto 20 na 45. Miongozo ya Ulaya inasema maji ya baridi yabaki chini ya 20. Haya, nenda Dar es Salaam saa nane mchana, panda juu ya paa, gusa maji kwenye tangi jeusi la plastiki. Huku pwani hatuna maji ya baridi kwa maana hiyo! Bomba letu la "baridi" linakaa ndani ya eneo analolipenda bakteria mwaka mzima. Kwa hiyo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya London, ukiubandika hapa bila kuufikiria, unakupa utulivu wa uongo.

Kuna jambo lingine lililonisumbua nilipokuwa nasoma kuhusu ugonjwa huu. Dalili zake ni homa, kikohozi, kukosa pumzi. Mwaka 2020, mtu akizipata wiki moja baada ya kurudi kazini, kila mtu angesema corona. Kumbe Legionella ni bakteria, anatibika kwa antibiotiki, ila siyo yoyote tu. Amoksilini, ambayo wengi wetu huikimbilia, haimwezi, kwa sababu anajificha ndani ya seli zetu wenyewe na dawa hiyo haifiki huko vya kutosha.

Dawa ya jengo ni kumwaga maji ya zamani, lakini kwa mpangilio. Nipige hesabu ndogo. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 na urefu wa mita 20 lina maji kama lita 6 tu. Ukifungua koki dakika moja au mbili umelimaliza. Lakini kama tangi la paani ni la lita 5,000 na halijaguswa tangu Machi, umefanya nini? Umetoa maji machafu kwenye bomba na kuweka machafu mengine. Ndiyo maana nasema anza na tangi: limwagwe, lisuguliwe, litiwe klorini, lijazwe upya. Kisha fungua koki moja baada ya nyingine kuanzia zilizo karibu na tangi hadi ya mwisho kabisa korido ya mbali. Fungua taratibu, maji yasitawanyike. Bafu la mvua lifungwe mfuko au kitambaa ili maji yachuruzike badala ya kurushwa. Mwisho pima klorini. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita pale bombani, na kifaa cha kupimia ni cha rangi tu, kinafanana na kile cha mabwawa ya kuogelea.

Usisahau bomba la kuoshea macho. Hilo ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo litakalorusha maji moja kwa moja kwenye jicho lililokwisha kuungua na kemikali. Hata siku za kawaida linatakiwa kufunguliwa kila wiki.

Ukiwa hapohapo kwenye sinki, chungulia chini. Ule mkunjo wa bomba umewekwa kwa makusudi: maji yanayobaki humo ni kizibo kinachozuia hewa ya mfereji wa maji taka isipande chumbani. Miezi miwili ya joto na kizibo kimekauka. Watu wanaingia, wanasikia harufu, wanasema panya amekufa. Harufu ni afadhali, inakuonya. Mwaka 2003, wakati wa SARS, kwenye maghorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa watu zaidi ya 300, na wachunguzi walitaja mikunjo iliyokauka kwenye mifereji ya sakafu za mabafu, pamoja na feni zilizovuta hewa chafu kutoka humo, kuwa miongoni mwa njia za maambukizi. Kinga yake? Kikombe cha maji kwenye kila sinki na kila tundu la sakafuni. Bei yake ni sifuri.

Kemikali ni sura nyingine. Etha ikikutana na hewa na mwanga hutengeneza peroksaidi, na peroksaidi zikikusanyika zinaweza kulipuka kwa msuguano mdogo tu, hata ule wa kufungua kifuniko. Etha ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 34.6, kwa hiyo kabatini, umeme wa kiyoyozi ukiwa umezimwa na madirisha yamefungwa, haiko mbali na kuchemka. Asidi ya pikriki, inayotumika kwenye maabara za tishu na kupimia kreatinini, ni salama ikiwa imeloa maji. Ikikauka ni kilipuzi. Ukikuta chupa ina fuwele shingoni au unga mkavu chini, usiifungue, usiitikise, usiihamishe "kidogo tu pembeni". Toka, funga mlango, mwite mhusika wa usalama. Hapa hakuna ujasiri.

Hewa sasa. Kiyoyozi cha ukutani, hiki tulichonacho karibu kila ofisi, hakileti hewa mpya. Kinaichukua hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mkiwa watu sita mnapumuliana kwa ubaridi. Kinachosafisha ni kubadilisha hewa. Chumba kikibadilisha hewa yake mara 6 kwa saa, inachukua kama dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizobaki hewani. Mara 2 kwa saa, ni saa 2 na dakika 18. Mara moja, saa 4 na nusu na zaidi kidogo. Majengo yetu ya zamani, yenye korido wazi na madirisha pande mbili, yanafanya kazi hii bure. Haya mapya ya vioo yaliyozibwa pande zote yanapendeza kwenye picha za mahafali, basi.

Ila kufungua madirisha kuna mtego wake. Kabati la usalama wa kibiolojia linamlinda mtu kwa pazia la hewa linaloingia kwa mwendo wa nusu mita hivi kwa sekunde. Upepo wa dirishani au feni ya juu unaweza kulizidi na kukuletea usoni kile unachokichunguza. Kwa hiyo fungua madirisha kabla na baada ya kazi, na ukiwa kwenye kabati, punguza idadi ya watu chumbani.

Kupunguza watu nako kunaleta mgongano. Sheria ya corona ilisema kaa mbali na wenzako. Sheria ya maabara inasema usifanye kazi ya hatari peke yako. Ukipangiwa zamu ya usiku ili msijazane, nani atakuona ukianguka? Mimi naona suluhisho ni zamu za watu wawili wawili, vyumba jirani, mlango wenye kioo katikati, na kupigiana simu kila nusu saa. Na zile wiki za kwanza, jaribio lenye etha au moto lisubiri, hata kama msimamizi anauliza matokeo na ada ya muhula inakaribia. Najua kusema ni rahisi.

Kuna swali ambalo miongozo mingi hulipita haraka: nani anaingia wa kwanza? Siyo profesa. Ni mama wa usafi na fundi bomba, siku tatu kabla yetu. Ndio wanaofungua koki za kwanza na kuvuta ukungu wa kwanza, na ndio wanaosogeza chupa ili wafute vumbi. Mara nyingi wanapewa Jik na glavu, hakuna anayewaambia Jik isichanganywe na asidi wala amonia. Wapewe barakoa zinazoziba vizuri, waonyeshwe makabati ambayo hayaguswi, na karatasi ya Kiswahili ibandikwe mlangoni kueleza chumba hicho kina nini. Karatasi hiyo anatakiwa kuiandika mtafiti mwenye chumba, siku anapofunga, kabla hajaondoka na funguo.