Somo moja inaweza kulinda dekonti yako

Kila mufanyakazi wa mugodi anajua: siku moja jina lake itatoka ku liste. Kontra inaisha, miaka ya pansioni inafika, ao sosiete inapunguza watu. Siku ile anapokea dekonti, ile feza ya mwisho, na swali inabakia moja: nitaifanya nini? Wengi wanajibu mbio mbio: «Nitafanya biashara.» Lakini ukimuuliza biashara gani, atauzisha kwa nani, kwa bei gani, ananyamaza.

Hapa kwetu tulishaona mambo haya. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka mu kazi kupitia mupango ule ulioitwa départs volontaires, na Banki ya Dunia ndiyo ilitoa feza. Wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wanakumbuka. Kwanza madeni yalikula sehemu, kwa sababu watu walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara. Ile ilibakia, wengine walinunua gari, wengine mashini ya kusaga mahindi, wengine walifungua butiki. Butiki zilifuatana ku avenue moja, chumvi ile ile, sabuni ile ile, bei ile ile. Kisha zikafungwa moja moja.

Haikukuwa ujinga wa watu. Tangu Union Minière ilipoanza mu 1906, na kisha Gécamines, kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto. Mufanyakazi hakuulizwa kujua bei ya mufuko wa bunga. Wamama wa mu kambi walipelekwa ku foyer social, wakafundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Kuhesabu faida haikukuwa mu programu. Posho ilipokatika, watu waliingia ku soko mikono mitupu.

Leo tuko na njia ingine, na watu wengi hawaitumie kwa sababu wanafikiri masomo ya biashara ni ya vijana tu, ya miaka mitatu, na diplome ya kutundika ku ukuta. Hapana. Mutu mukubwa mwenye kazi na watoto anaweza kuchukua somo moja tu, ile inaziba tundu ya biashara yake, na kuacha zingine. Somo moja ya kontabilite ndogo. Kisha, mwaka mwingine, somo moja ya marketingi. Polepole.

Tuchukue mufano. Tuseme mama mumoja anauzisha vitumbula ku mulango wa mugodi, siku sita mu juma. Unga 75.000 FC, mafuta 40.000, sukari 15.000, makala 10.000: jumla 140.000. Anatosha vitumbula 900, kila kimoja 200 FC: anapata 180.000. Anafurahi, anasema amebakiza 40.000. Lakini mwalimu wa kontabilite atamuuliza: na transporti? 6.000. Na feza ya pahali pa kukaa? 5.000. Na mutoto mwenye kusaidia kubeba? 10.000. Na vile ulipatia majirani na watoto, ao ulitoa kwa deni bila kulipwa? Ni vitumbula 60, ndiyo 12.000. Jumla ya vyenye hakuhesabu ni 33.000. Basi faida yake si 40.000, ni 7.000. Kwa siku sita za kuamuka saa tisa ya usiku, inakuwa chini ya 1.200 FC kwa siku moja.

Mama huyu si muvivu, na hakuibiwa. Alikuwa anakula kapitali yake bila kujua. Kama anaona hesabu hii kwa macho, anaweza kufanya kitu: kununua unga pamoja na wenzake kwa bei ya jumla, kukataza deni, ao kubadilisha saizi ya kitumbula. Kuhesabu hivi hakuombe miaka tatu. Kunaomba mwalimu mwema, kaye moja na majuma machache.

Somo ya pili ni marketingi. Watu wanafikiri ni kupiga kelele ya radio. Lakini mwanzo wake ni kuuliza: mukiliya wangu ni nani, anapita saa ngapi, anakuwa na feza siku gani, na kwa nini ananunua kwa mwengine? Ku mulango wa mugodi, wamama watano wanauzisha kitu kimoja, na kila mutu anapunguza bei mupaka wote wanapoteza. Yule aliyesoma marketingi ataangalia timu ya usiku yenye kutoka asubuhi na baridi mu mwili. Ataleta chai ya moto pamoja na vitumbula mu mufuko musafi. Atajua kwamba siku za kulipwa watu wananunua kwa wingi, na kwamba katikati ya mwezi ni lazima kitu cha bei ndogo. Atachukua nambari za telefone za wakiliya wake, ili sherehe ikifika wamuagize yeye. Bidhaa, bei, pahali, na namna ya kujulisha: ndiyo mambo mane ya kwanza mwalimu ataandika ku ubao.

Somo ya tatu ni sheria ya biashara, na hapa wanaume wengi wanakwama. Tangu Septemba 2012, Kongo iko mu OHADA. Sheria ya OHADA inajua mutu mudogo mwenye kuitwa entreprenant: anaweza kujitangaza bila kufanya makaratasi yote ya sosiete kubwa. Lakini ni lazima aandike mu kitabu, siku kwa siku, feza yenye kuingia na yenye kutoka, na kuchunga kitabu kile miaka 5. Wangapi kati yetu wanajua hiyo? Tena sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inataka kazi za sous-traitance zipewe sosiete zenye kapitali ya Wakongomani. Chakula cha kantine, kushona nguo za kazi, kusafisha, kusafirisha watu: kazi ziko. Lakini kama haujui kuandika devi na faktire, kama hauna nambari ya impo, utamuachia mwengine, na wewe utabakia kibarua wake.

Sasa, tusome wapi? INPP iko mu miji yetu tangu muda mrefu. Ilianzishwa mu 1964 juu ya kufundisha wafanyakazi. Vyuo vya biashara na iniversite viko pia, na mu mupango wa LMD mwaka mumoja ni kredi 60, zenye kugawanywa somo kwa somo. Nenda ku sekretaria, uulize kama wanapokea mutu wa somo moja, ule anaitwa auditeur libre. Kabla ya kulipa, uliza maswali haya. Somo iko na saa ngapi, na programu iko wapi ku karatasi? Mwalimu ni nani, na yeye mwenyewe alishafanya hesabu ya biashara ya kweli? Bei yote pamoja ni ngapi, na sillabusi na atestasio ndani? Mufanyakazi wa poste ya usiku anaweza kufuata? Kama wanakujibu tu «utapata diplome mbio», toka. Kuna watu wenye kuuzisha karatasi, na karatasi haipike bukari.

Kama bei inakuwa nguvu, tutumie mambo tunayojua tayari: likelemba. Watu kumi, kila mumoja 10.000 FC kwa mwezi, inakuwa 100.000. Feza ile inatuma mutu mumoja ao wawili, kufuatana na bei. Mumoja achukue kontabilite, mwengine marketingi, mwengine sheria. Lakini deni yao kwa kikundi iko: siku ya mungu nyuma ya misa ao kulte, wakae na wenzao na kufundisha yale walisikia, na kaye ibakie kwa kikundi. Hivi somo moja yenye kulipwa inafika kwa watu kumi. Bibi na bwana wafanye hivyo pia: mara nyingi ni mama ndiye anafanya biashara, basi aende yeye kwanza, bwana abakie na watoto.

Wenzangu wa sendika watasema: «Sisi kazi yetu ni kudai mushahara, haiko kufundisha batu kuuzisha vitumbula.» Ninawaelewa. Kuna patrona atafurahi kusema: mushahara ni mudogo, lakini tulikufundisha biashara, ujitegemee. Tukatae ile wazi wazi. Mushahara ni deni ya kazi iliyofanywa, na hakuna somo inayoweza kuilipa. Lakini formasio pia ni haki yetu. Code du travail ya 2002 inasema juu ya formasio ya wafanyakazi, na waajiri wanalipa kotizasio ku INPP kufuatana na mishahara ya watu wao. Ile feza inahesabiwa juu ya jasho letu. Basi delege wa sendika akikaa ku meza ya convention collective, aulize: kwa mwaka huu, ni wafanyakazi wangapi walitumwa kusoma, na somo gani? Adai saa za kusoma kwa watu wa poste, na adai kwamba mwenye karibu kuenda ku pansioni apate somo ya kuendesha feza mbele ya dekonti, si nyuma. Nyuma ya dekonti, mashemeji na wenye madeni wanafika mbele ya mwalimu.

Wengine wanasema biashara ni bahati, haifundishwe. Ni kweli, hakuna chuo inayoweza kukupatia moyo wa kuamuka usiku. Ule moyo watu wa mugodi wako nao tayari, wanashuka nao kila siku. Kile kinakosekana ni hesabu, na hesabu inafundishwa.

Basi juma hii, kila delege achukue kaye, aandike majina ya wale kontra yao inaisha mbele ya mwaka kuisha. Aulize kila mutu: wewe ao bibi yako, munafanya biashara gani, na tundu iko wapi? Kisha kikundi kiende pamoja ku sekretaria ya INPP ao ya chuo. Watu kumi wakiomba somo moja, hata saa ya kusoma wanaweza kuichagua wenyewe.