Kwenda kasino na fedha za mchele: Ubebe kiasi gani?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mchele aliyetoka Mbarali na mzigo, akauza wote pale Tandale kwa siku mbili, ana tatizo moja ambalo mabwana shamba hawalifundishi. Jioni ya siku ya pili ana fedha mkononi, basi la kurudi ni kesho alfajiri, na jiji la Dar es Salaam lina taa nyingi.

Mzee mmoja wa kazi hiyo, ambaye jina lake tunalihifadhi, ndiye aliyenipa swali la makala haya. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya wageni, yeye akiwa ameukumbatia mfuko wake wa kaki kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mwanangu, wewe mtu wa magazeti," alisema, "vijana hapa wanataka kunipeleka kasino leo nikaone. Nami nataka kuona. Hebu niambie, mtu anabeba shilingi ngapi?"

Nililipenda swali hilo, kwa sababu si la kawaida. Wengi huuliza watashinda kiasi gani, na hakuna wa kuwajibu. Swali la kiasi cha kubeba lina jibu, na jibu lake ni hesabu ileile anayoifanya mkulima anapoamua aweke mifuko mingapi ya mbolea kwenye ekari moja.

Wale ambao imani yao inakataza kamari, na ni wengi, wamekwisha kujua la kufanya na makala haya hayawahusu sana. Tunazungumza na yule ambaye atakwenda kwa vyovyote vile.

Fedha hizo ni za nani?

Kabla ya kufika kwenye meza tulianza na ule mfuko. Ndani kulikuwa na shilingi milioni sita. Nilimwomba mzee azigawe kwa mdomo, naye akaanza kuhesabu kwa vidole. Milioni tatu na laki nne zilikuwa za majirani waliompa mchele wao kwa uaminifu, awalipe akirudi. Milioni moja ilikuwa mkopo wa kikundi cha VICOBA. Milioni nyingine ndiyo mtaji wake mwenyewe, ambao msimu ukianza unageuka kuwa mbegu, mbolea na vibarua wa kupandikiza. Kilichobaki, laki sita, ndicho alichokiita faida.

Kwa hiyo mtu anayeonekana ana milioni sita alikuwa na laki sita tu za kwake. Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wengi wanapoumia. Fedha zote zinakaa mfuko mmoja, zina rangi moja, na usiku wa manane noti ya jirani haina alama inayoitofautisha na noti yako. Nimewahi kumwona mtu akirudi kijijini na hadithi ya kuibiwa kwenye basi, na kila mtu akajua kwamba hakuna mwizi aliyepanda basi hilo.

Basi, fedha za watu na mtaji havitoki nje ya benki au simu siku hiyo. Faida ndiyo inayoweza kuguswa, nayo si yote. Mimi nilimwambia mzee sehemu moja ya kumi, yaani shilingi elfu sitini. Kipimo hiki hakikuandikwa popote, ni maoni yangu. Nilikichagua kwa sababu mkulima anayepoteza sehemu ya kumi ya faida anakunja uso siku mbili, halafu anaendelea na kazi. Anayepoteza nusu huanza kutafuta namna ya kuirudisha, na hapo ndipo balaa huanzia.

Nauli ya teksi ya kwenda na kurudi, pamoja na chakula, viliwekwa mfuko mwingine. Hiyo ni gharama ya safari, isihesabiwe kwenye mchezo.

Meza inakula kiasi gani?

Mzee alitaka kuona ruleti, ule mchezo wa gurudumu na kijipira. Gurudumu la kawaida la Ulaya lina vyumba 37: namba 1 hadi 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, na sifuri moja ya kijani. Ukiweka kwenye nyekundu na ikatoka nyekundu, unalipwa sawa na ulichoweka. Ukiweka kwenye namba moja na ikatoka, unalipwa mara 35. Lau vyumba vingekuwa 36 tu, mchezo ungekuwa wa haki kabisa, leo kwangu kesho kwako. Ile sifuri moja ndiyo mshahara wa wafanyakazi, umeme, zulia na faida ya mwenye nyumba. Kwa kila shilingi 100 zinazowekwa mezani, kwa wastani shilingi 2 na senti 70 hubaki kwa mwenye meza.

Yapo pia magurudumu ya Kimarekani yenye sifuri mbili. Hayo hubakiza shilingi 5 na senti 26 kwa kila 100, karibu maradufu, ingawa ukitazama kwa haraka huoni tofauti. Kwa hiyo kabla hujakaa, hesabu sifuri.

Sasa tufanye hesabu ya mzee. Gurudumu huzungushwa mara 40 hivi kwa saa, pungufu kama meza imejaa watu. Kwa saa tatu ni mara 120. Akiweka shilingi 2,000 kila mara kwenye nyekundu au nyeusi, atakuwa amepitisha mezani shilingi 240,000, ingawa alikuja na elfu sitini tu, kwani noti zilezile huenda na kurudi. Asilimia 2.7 ya fedha hizo ni shilingi 6,480. Hiyo ndiyo bei ya wastani ya jioni yake, kama tiketi ya mpira.

Lakini wastani ni kama mvua ya wastani, hauji kila mwaka. Kuna jioni ambayo bahati itamkimbia hadi apungukiwe elfu arobaini au hamsini, na nyingine itamwongezea kiasi hicho. Fedha anazobeba mtu ni za kumvusha kwenye kiangazi hicho bila kufilisika katikati. Nimepiga hesabu: wakienda watu 100 wenye elfu sitini kila mmoja, wakaweka 2,000 kwa namna hiyo saa tatu, mmoja au wawili tu ndio watakaoishiwa kabla ya muda. Wakienda na elfu ishirini, karibu nusu yao wataishiwa mapema.

Kutokana na hapo unapata kipimo ambacho mtu anaweza kukibeba kichwani. Chukua fedha ulizotenga, zigawe kwa 30, na jibu lake ndilo dau lako. Elfu sitini kwa 30 ni elfu mbili. Ukifika ukakuta dau la chini kwenye meza ni elfu tano, basi una madau 12 tu, na katika watu 100 kama wewe zaidi ya theluthi wataishiwa kabla ya saa tatu kwisha. Dawa yake ni kusimama nyuma ya waliokaa na kutazama, au kurudi ukalale. Kwenda kuchota nyingine si dawa.

Kipimo hiki ni cha nyekundu na nyeusi. Wanaopenda kuweka kwenye namba moja, labda mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto, wajue kwamba kijipira kinaweza kuzunguka mara 37 bila kuitembelea namba hiyo. Kati ya watu 100 watakaojaribu mara 37, kama 36 hawataiona hata mara moja.

Mashine ndogo, mdomo mkubwa

Mzee alipofika mlangoni macho yake hayakwenda kwenye ruleti. Yalikwenda kwenye mashine za sloti, kwa sababu zinaimba na dau lake ni dogo. "Hizi za mia mbili ndizo zetu sisi wakulima," alininong'oneza.

Hapana. Kwenye mashine hakuna wa kumsubiri. Mtu aliyezoea anabonyeza mara kumi kwa dakika, yaani mara 600 kwa saa. Kwa shilingi 200 kila mara, huyo amepitisha shilingi 120,000 ndani ya saa moja. Tuseme mashine inabakiza shilingi 10 kwa kila 100. Hapo ameacha 12,000 kwa saa. Kwenye ruleti, kwa dau la 2,000, mzee angeacha kwa wastani 2,160 kwa saa hiyohiyo. Dau ni mara kumi dogo, lakini hasara ni zaidi ya mara tano kubwa.

Isitoshe, gurudumu unaweza kulihesabu vyumba vyake, lakini mashine haiandiki usoni inarudisha kiasi gani. Katika jimbo la Nevada huko Marekani, ambako ndiko uliko mji wa Las Vegas, kanuni zinataka mashine irudishe walau asilimia 75 ya kinachowekwa. Maana yake ni kwamba inaruhusiwa kubakiza hata robo nzima. Na hizi za vijiweni ambazo vijana wetu huziita dubwi, zilizosimama kando ya duka la mangi zikisubiri sarafu, zinafanya kazi kwa mtindo uleule wa kula kidogo kidogo lakini haraka.

Ujanja wa kuzidisha

Kijana mmoja kati ya waliotusindikiza alikuwa na siri yake. Unaanza na elfu moja kwenye nyekundu. Ukikosa unaweka mbili, ukikosa nne, kisha nane, hadi utakapopata, na ukipata unakuwa umerudisha zote na elfu moja juu. "Nyekundu lazima itoke tu," alisema.

Ujanja huu ni wa zamani na umewatia wengi umaskini. Ukikosa mara nane mfululizo umekwishatoa shilingi 255,000, na dau la tisa ni 256,000, kwa ajili ya kutafuta faida ya elfu moja. Kukosa mara nane mfululizo kunaonekana kama jambo la ajabu, lakini katika mizunguko 120 uwezekano wake ni karibu mara moja kwa kila jioni nne au tano. Tena kila meza ina dau la juu kabisa, ambalo humzuia mwenye kuzidisha hata kama ana gunia la noti. Mwezi Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walizidi kujazana kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakapoteza fedha nyingi. Kijipira hakikumbuki kilikotoka.

Mlango wa kutokea

Hesabu yote hii huvunjwa na kitu kimoja, nacho ni fedha ya pili. Ndani hakuna saa ukutani, vinywaji vinapita, na mashine ya kutolea fedha haiko mbali. Siku hizi hata safari ya kwenda huko haihitajiki, maana simu ina fedha za mauzo yote ya wiki. Ndiyo maana mzee aliiacha simu yake kwa mkewe, aliyekuwa amefuatana naye kuja mjini na ambaye hakuona sababu yoyote ya kutoka usiku ule. Kadi ya benki aliiacha pia. Mwanzoni alinung'unika, akisema yeye si mtoto.

Ukishinda nako kuna utaratibu. Amua mapema, kabla hujakaa, kwamba vibao vyako vikifika kiasi fulani, tuseme mara mbili ya ulichokuja nacho, unakwenda dirishani kuvibadilisha na kuondoka. Uliza kodi ya ushindi kabla ya kuanza kupiga hesabu za bati. Panda teksi ya dereva unayemfahamu, wala usitembee kwa miguu ukihesabu noti barabarani.

Tena ingia mahali penye leseni. Kwa Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyopo kwa Sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Wafanyabiashara wanaovuka mipaka wajue kwamba sheria hazifanani: Uganda, kwa sheria yake ya 2016, iliweka umri wa miaka 25, na Kenya ilipata sheria mpya mwaka 2025. Penye leseni una mahali pa kupeleka malalamiko. Kwenye chumba cha nyuma cha baa huna.

Mzee alikaa mezani saa tatu kasoro usiku. Alibadilisha elfu sitini zote, akaweka elfu mbili mbili kwenye nyekundu bila kubadilika, kama mtu anayepandikiza mpunga kwa mstari. Wakati fulani alifika elfu themanini na nne, na yule kijana akamsihi apandishe dau. Hakupandisha. Baadaye akashuka hadi elfu thelathini na mbili, jasho likamtoka, akatia mkono mfukoni kutafuta simu ambayo haikuwapo.

Saa sita kasorobo alisimama na elfu arobaini na sita. Alikuwa ameacha elfu kumi na nne, na kilichomkera zaidi ilikuwa bei ya soda.

Alfajiri alipanda basi. Alipofika Chimala alinipigia simu kuuliza kama ile sifuri ni ya kijani dunia nzima.