Hitilafu ya Mtandao kwenye Linux Huanza Kutafutwa Karibu

Anayeishi Muhuta, nchini Burundi, ana sababu za kushuku mahali pa mbali intaneti inapogoma. Nchi hii haina bahari. Kwa kawaida ukurasa unaofunguliwa Gitaza au mjini Rumonge hufika baada ya kupita Bujumbura, kuvuka mpaka, na kukutana na nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na Seacom, ziliharibika siku moja, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua. Hata nchi kavu mambo si salama: barabara ya RN3 imebanwa kati ya milima na ziwa, na maporomoko ya Gitaza mwaka 2015 yaliifunga; yanayoweza kufunga barabara yanaweza kukata waya pia. Ndiyo maana kivinjari kikikwama, mtu husema mtandao umekatika, akafunga kompyuta na kungoja. Ninaielewa tabia hiyo, lakini naipinga. Mbali panastahili kuwa mahali pa mwisho kushukiwa, na kwa mwenye kompyuta ya Linux kukagua karibu kwanza huchukua dakika moja au mbili.

Ubora wa Linux kwenye jambo hili ni kwamba inajibu kila swali peke yake. Fungua terminali uandike ip link. Kadi ya waifai, ambayo jina lake huanza na herufi wl, ikionyesha DOWN, basi bado hujatoka hata chumbani. Pengine swichi ya waifai imezimwa, na amri ya rfkill list itakwambia kama imezuiwa na programu au na kitufe chenyewe. Kadi isipoonekana kabisa, mara nyingi kinachokosekana ni faili za watengenezaji ambazo kadi huzihitaji ili iwake. Kompyuta za mitumba zenye kadi za Broadcom zimewasumbua wengi kwa sababu hiyo, na Debian ilianza kuziweka faili za aina hiyo kwenye kisakinishi chake cha kawaida katika toleo la 12, mwaka 2023. Hapo dawa ni kuichomeka simu kwa waya wa USB na kuwasha ushirikishaji wa intaneti. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao, nawe unapakua kinachokosekana. Kadi ikiwa hai, andika ip addr. Anwani inayoanza na 192.168 au 10 kwa kawaida ina maana kwamba ruta au simu imekupokea na kukupangia nafasi. Inayoanza na 169.254 ina maana kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Kinachofuata ndicho chenye manufaa makubwa kwa nyumba zinazoishi kwa bando la simu. Andika ip route. Mstari unaoanza na default via hutaja anwani ya mlango wa kutokea, yaani ruta yako au simu iliyowasha hotspoti. Kwenye simu nyingi za Android za miaka iliyopita ilikuwa 192.168.43.1. Ipigie anwani hiyo kwa ping -c 3, kisha ipigie 1.1.1.1. Simu ikijibu na 1.1.1.1 isijibu, kompyuta yako haina kosa. Bando limekwisha, au mnara hauna mawasiliano, au kweli waya umekatika mahali. Alama ya waifai kwenye kona ya skrini haitakuonyesha hilo vizuri, kwa kuwa inapima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na simu, na simu iko mezani hapo hapo. Majaribio haya hayali bando: pakiti tatu za ping hazifiki hata kilobaiti moja. Kinacholila ni masasisho yanayojipakua kimyakimya. Kwa hiyo waifai ya simu inafaa iandikwe kuwa ni ya kulipiwa, kwa nmcli connection modify, jina la muunganisho, kisha connection.metered yes. Programu nyingi huiheshimu alama hiyo, ingawa si zote.

Pakiti zikifika 1.1.1.1 na kurasa bado zikakataa, yamebaki mambo mawili ambayo watu huyasahau. La kwanza ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukiandika getent hosts wikipedia.org ukapata kimya, ndiyo iliyokwama. Wengi hukimbilia kuhariri /etc/resolv.conf, wakaona kazi yao imefutika baada ya kuwasha upya. Kwenye Ubuntu na mifumo mingine mingi ya Linux faili hiyo huandikwa na mfumo wenyewe, na mahali pa kubadilisha ni kwenye muunganisho, kwa programu ya NetworkManager. La pili ni saa. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta inaweza kuamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na kivinjari kitakataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa kuwa kwa saa hiyo bado havijaanza kutumika. Mwenyewe anaona mtandao mbovu, kumbe tarehe. Irekebishe saa, kisha nunua betri mpya, ambayo mara nyingi ni CR2032.

Yupo atakayesema amri hizi ni za mafundi, na raia wa kawaida ana haki ya kubofya tu. Haki hiyo anayo, na kwa kuunganisha siku hadi siku kubofya kunatosha. Ila kwenye hitilafu dirisha la kubofya hujumlisha sababu kumi katika ujumbe mmoja, na hapo ndipo watu huanza kubahatisha: wanafuta miunganisho, wanabadilisha namba, mwishowe wanasakinisha mfumo upya. Kusakinisha upya kunafuta ushahidi, na tatizo likiwa kwenye mnara hakubadilishi chochote. Anayempelekea fundi majibu ya ip addr na ip route amempunguzia kazi, na pengine amejipunguzia malipo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la kwamba huku kwetu mara nyingi kosa kweli liko mbali, kwa hiyo uchunguzi ni kupoteza muda. Hata mimi nakubali kwamba mara nyingi liko mbali. Lakini ukiisha kujua hivyo kwa hakika, unajua pia usiguse mpangilio wowote. Madhara mengi ninayoyaogopa hutokea mpangilio unapoguswa: nyaya za mbali hutengenezwa, intaneti hurudi kwa majirani, na kompyuta iliyovurugwa wakati wa kukatika hubaki gizani.

Tena anayeangalia karibu kwanza hugundua kwamba mtandao wa nyumbani hauhitaji bahari. Ruta isiyo na intaneti bado inagawa anwani, na kompyuta mbili bado zinapeana faili. Programu ya Kiwix, inayofanya kazi vizuri kwenye Linux, huhifadhi Wikipedia ya Kiswahili ndani ya diski moja. Kwa kiwix-serve --port 8080 na jina la faili lililopakuliwa, simu zote zilizoshika waifai hiyo zitaisoma kwenye kivinjari bila senti ya bando. Shule ya Muhuta yenye kompyuta moja ya zamani na ruta moja inaweza kuwa na maktaba hiyo, mradi faili ipakuliwe mara moja Bujumbura na kuletwa kwa diski.