Sungura Anapokojoa kwa Shida

Katika nyua nyingi za Mtwara, kuanzia Shangani na Chikongola hadi Mikindani, na kushuka kusini mpaka Msimbati, Mahurunga na Kitaya kwenye bonde la mto Ruvuma, utakuta banda la sungura limeegemezwa ukutani au limewekwa chini ya mwembe, jirani na kuku. Aghalabu sungura hao waliletwa nyumbani kwa ajili ya kitoweo. Lakini wenye watoto mnajua yanayofuata. Mmoja wao hupewa jina, hupakatwa, huletewa majani kila mtoto atokapo shuleni, na tangu siku hiyo hawezi tena kutajwa pamoja na sufuria. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba Adamu ndiye aliyewapa wanyama majina, na watoto wetu hawajaiacha kazi hiyo.

Kisha siku moja mtoto anakuja mbio jikoni: "Mama, sungura wangu anakojoa damu!" Baba yuko kazini au baharini, bwana mifugo yuko mbali, na uamuzi wote unakuangukia wewe. Makala hii inahusu siku hiyo, na zaidi ya hapo inahusu miezi iliyoitangulia, kwa sababu matatizo ya njia ya mkojo kwa sungura hujengeka polepole kabla hayajaonekana.

Si kila mkojo mwekundu ni damu

Kwanza tulia. Mkojo wa sungura mzima haufanani na wa binadamu. Huwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, na ukikauka sakafuni huacha unga mweupe. Rangi yake yaweza kuwa ya njano hafifu, ya chungwa, ya kahawia, hata nyekundu kama chai ya rangi, na mnyama asiwe na ugonjwa wowote. Rangi hiyo hutokana na majani aliyokula, na kwa kawaida hupotea baada ya siku chache.

Damu ina desturi nyingine. Rangi ya majani huenea sawasawa katika mkojo wote, lakini damu mara nyingi huonekana kama michirizi au vidonge vidogo, au hutokea mwishoni mwa kukojoa. Ukitaka uhakika, chukua mkojo kidogo katika kichupa safi upeleke kwa mtaalamu wa mifugo aupime kwa kijiti. Ni vijiti vya namna ile ile wajawazito wanavyovijua kliniki, na kijiti hutambua damu hata pale macho yanaposhindwa. Usishangae kikionyesha pia protini kidogo, kwani mkojo wa sungura una asili ya magadi na hukidanganya kijiti mara kwa mara.

Kama sungura wako ni jike aliyefikisha miaka mitatu au minne, kuna jambo jingine la kulijua. Damu hiyo huenda haitoki katika kibofu bali katika mji wa mimba. Saratani ya mji wa mimba ni ugonjwa wa kawaida sana kwa majike wenye umri mkubwa, kiasi kwamba katika nchi ambako sungura hufugwa kama paka, madaktari hushauri kizazi kiondolewe mapema. Jike wa namna hii asisubirishwe nyumbani akipewa dawa za kubahatisha.

Figo zinazotoa chokaa

Binadamu akila chakula chenye kalsiamu, ile chokaa inayojenga mifupa na meno, utumbo huchukua kiasi unachohitaji mwili, na inayobaki hutoka na choo. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wengi. Sungura hana kizuizi hicho. Utumbo wake huchukua karibu kila kinachopatikana, kisha huziachia figo kazi ya kukitoa. Kwa wanyama wengi, kalsiamu inayotoka kwa njia ya mkojo haifiki asilimia 2. Kwa sungura ni kati ya asilimia 45 na 60. Ule unga mweupe unaouona sakafuni ndio chokaa yenyewe.

Sungura akinywa maji ya kutosha na kurukaruka, chokaa hiyo hutoka bila taabu. Akikosa maji, akanenepa, akakaa mahali pamoja kutwa nzima, hutuama chini ya kibofu kama tope la kisimani. Tope hilo huweza kuwa zito kama dawa ya meno, likakwaruza kibofu mpaka kikavimba, na vijidudu vikapata pa kukaa. Baadaye huweza kugeuka jiwe. Mawe haya hayayeyuki kwa dawa wala kwa kubadili chakula. Najua wapo watakaokushauri umnyweshe maji ya dafu au ya ndimu. Dafu ni la mwanao, na ndimu ni ya samaki. Jiwe la sungura halivisikii vyote viwili.

Chakula cha kuku si chakula cha sungura

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapojikwaa, na ni jambo linaloeleweka. Unafuga kuku wa mayai, una gunia la chakula chao, na sungura wanakitazama. Unawamiminia konzi moja. Wanakipenda, wananenepa, unafurahi. Lakini chakula cha kuku wa mayai hutiwa chokaa nyingi kwa makusudi ili ganda la yai liwe gumu. Kalsiamu yake hufikia asilimia 3.5 hadi 4, wakati sungura mkubwa asiyenyonyesha anatosheka na kiasi cha asilimia 0.5 hadi 1. Maana yake ni kwamba unampa mara kadhaa ya anachohitaji, na figo zake ndizo zinazobeba mzigo wote. Zaidi ya hayo, baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za kuzuia kuhara damu ambazo huweza kumdhuru sungura. Kwa maoni yangu, hata konzi moja haifai.

Kuhusu majani, mlonge tunausifia kwa lishe, na kwa mtoto ni sawa, lakini kalsiamu yake ni nyingi mno kwa sungura. Mpe tawi dogo mara moja moja, usimfungie fungu zima kila jioni. Mchicha nao uwe wa kubadilishana na majani mengine. Kisamvu kibichi kina sumu, kiache. Mabibo, embe na maganda ya ndizi mbivu vina sukari nyingi ya kumharibia tumbo, ingawa katika msimu wa korosho mabibo yamejaa kila mahali na watoto hawaoni kwa nini rafiki yao anyimwe.

Chakula chake hasa ni nyasi, kwa sababu wazee wake walitoka katika nchi kavu za Hispania na Ureno, wakila nyasi ngumu tangu asubuhi hadi usiku. Ukoka unamfaa, na majani ya mahindi pia. Sisi wa pwani ya kusini tuna bahati hapa. Mvua zikikatika, kwenye mwezi wa Mei hivi, nyasi bado ni nyingi na jua limerudi. Zikate kabla hazijawa vijiti, zianike kivulini mahali penye upepo, uzigeuze kila siku mpaka zikauke huku zikiwa bado na rangi ya kijani, kisha uzifunge na kuzitundika juu ambapo panya na unyevu havifiki. Mafungu kadhaa yatamvusha kiangazi. Zenye harufu ya uvundo au ukungu mweupe zitupe, hata kama ulizifanyia kazi. Nyasi za kando ya mto zilizofunikwa na matope ya mafuriko zioshwe na zikaushwe kwanza.

Maji, na tena maji

Sungura mmoja wa kilo 2 huweza kunywa mililita 100 hadi 300 kwa siku, na katika joto letu zaidi. Imezoeleka kusema kwamba sungura anayekula majani mabichi hahitaji maji. Si kweli, na kwa anayekula nyasi kavu ni hatari. Mwekee kibakuli kizito cha udongo, kwa sababu sungura hunywa zaidi katika bakuli kuliko kwenye chupa ya kudondosha, na udongo huweka maji baridi. Kibadilishwe asubuhi na jioni, na adhuhuri kitazamwe tena. Nyumba ambazo birika lake huota tabaka jeupe zinaweza kutumia maji ya mvua, ingawa chakula kina uzito zaidi katika jambo hili kuliko maji.

Ninawafikiria hapa akina mama wa uwanda wa juu, Newala na Tandahimba, ambako mchanga hunywa mvua na chemchemi ziko chini mabondeni. Ndoo inayobebwa kwa shida haianzii kwa sungura, na hakuna wa kukulaumu. Lakini basi, afadhali sungura wawili wanaokunywa kuliko kumi wenye kiu.

Dalili za kuangalia

Sungura haliii. Mnyama anayewindwa na kila mtu huficha maumivu yake, na kwa hiyo utamjua kwa mkao. Huinama kukojoa mara nyingi na kutoa matone tu. Hukaa amejikunyata, akisaga meno. Manyoya ya nyuma na mapaja ya ndani huwa maji maji, ngozi huwa nyekundu, na harufu kali husikika hata baada ya kusafisha banda. Aliyezoea kukojoa pembe moja huanza kukojoa popote.

Mara nyingine tatizo si kibofu bali mgongo. Mtoto anapomnyanyua kwa masikio, au anapomshika vibaya naye akatupa teke, uti wa mgongo huweza kuvunjika sehemu ya chini, na mkojo ukaanza kuvuja wenyewe. Wafundisheni watoto kutia mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Kuna pia kijidudu kiitwacho ensefalitozuni, kinachoshambulia figo na ubongo na kuenea kwa mkojo. Sungura huweza kupinda shingo au kulegea miguu ya nyuma. Kijidudu hicho huweza kumwingia mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Kwa hiyo kama nyumbani kuna anayeishi na virusi vya UKIMWI au anayetibiwa saratani, kazi ya kusafisha banda apewe mwingine, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

Saa za kwanza

Asiyetoa mkojo kabisa, au ambaye hajala kwa nusu siku, ni mgonjwa wa kupelekwa leo. Utumbo wa sungura usipopata chakula husimama, na hilo huweza kumwua kabla ya kibofu. Wakati unatafuta usafiri, mweke kivulini, mpe maji na majani mabichi yaliyoloweshwa. Usimbonyeze tumbo ili atoe mkojo, kwani kibofu kilichoziba hupasuka. Osha sehemu ya nyuma tu kwa maji ya vuguvugu na umkaushe vizuri. Kumtumbukiza mzima ndani ya beseni humshtua vibaya. Chunguza manyoya kwa uangalifu, maana inzi hupenda ngozi iliyolowa mkojo, na katika joto la Mtwara mayai yao huwa funza kwa muda usiozidi siku moja. Msafirishe ndani ya tenga lenye nyasi, usimfunge miguu.

Kabla ya kwenda, nakusihi: usimpe vidonge vilivyobaki vya mtoto. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, na mnyama hufa kwa kuhara. Zipo viuavijasumu nyingine zilizo salama, na daktari wa mifugo anazijua. Mweleze anakula nini, ana umri gani, tatizo limeanza lini, na umchukulie mkojo kama unaweza. Ofisi ya mifugo ya halmashauri ndiyo pa kuanzia, na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo chake Mtwara kwa vipimo. Kutoa jiwe ni upasuaji, na wataalamu wa kazi hiyo wako mbali zaidi, kama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Mbele ya mtoto

Hapa gharama inaingia. Nauli, dawa na upasuaji vyaweza kupita bei ya sungura mara nyingi, na ada ya shule inasubiri. Mithali 12:10 inamhesabu mwenye haki kuwa ni yule anayejali uhai wa mnyama wake, lakini haimwamuru auze kitanda. Tope na uambukizo mara nyingi hutibika kwa gharama ndogo: dawa, maji, chakula kilichorekebishwa. Jiwe lililoziba ni jambo jingine, na kumwacha mnyama siku tatu akijikunyata kwa sababu hatuna ujasiri wa kuamua si huruma. Daktari anaweza kummaliza bila maumivu.

Ikifika hapo, mwambie mtoto ukweli kabla, siyo baada. Usimwambie ametoroka, atamtafuta vichakani wiki nzima. Na asiwekwe mezani. Nyama ya mnyama mgonjwa hailiwi, na hata aliyepona asichinjwe mpaka zipite siku ambazo daktari amezitaja kwa dawa aliyompa. Mwachieni mtoto amzike chini ya mti anaouchagua mwenyewe.

Aliyepona ahesabiwe bado yuko chini ya uangalizi kwa majuma kadhaa. Atolewe nje kila jioni jua likipoa, arukeruke ndani ya uzio. Matandiko yabadilishwe kila siku, na mtoto apewe kazi ya kutazama sakafu asubuhi na kukwambia: leo unga ni mwingi au kidogo, na bakuli limebaki na maji kiasi gani.